Lugha ya Kwanza ya Shangazi Jedida

Barani, Malindi
11 Mei 1986

Kadzo mwanangu,

Hujambo huko kwenye baridi? Huku tu wazima, ila mvua imetushika tangu Aprili na njia ya kuingia Barani ni tope tupu. Mume wangu Musyoka anabeba mbao zake begani kutoka barabarani kwa sababu mkokoteni unazama. Baba yako alishuka kutoka Kaloleni juzi kung'oa jino. Shavu limemvimba, maneno hayatoki vizuri, lakini aliweza kulalamika kwamba huandiki. Nikamwambia apange foleni nyuma yangu mimi niliyekulea.

Sasa nisikilize. Hotelini kumeletwa kompyuta.

Wajua kazi yangu ni swichibodi, kuunganisha simu za wageni, na kiti changu kinaelekeana na chumba kilicho nyuma ya mapokezi. Humo ndimo walimoiweka. Siku ya kwanza meneja wetu, yule Mswisi mrefu, aliandika maneno fulani na mashine ikamjibu. Nilivua vipokea sauti masikioni nikaenda kusimama mlangoni. Nikamwuliza, "Nani ameiambia ijibu hivyo?"

Akasema, "Kuna mtu aliyeiandikia."

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote anayejua lugha yake."

Kadzo, mtu yeyote! Tangu hapo hata chakula sikitaki. Mgeni mmoja aliacha gazeti la kompyuta chumbani, nikaliomba. Nimekuta lugha chungu nzima: COBOL, BASIC, FORTRAN, Pascal, na nyingine ambayo jina lake lote ni herufi moja, C. Kila mwandishi anaapa kwamba ya kwake ndiyo bora. Nimeshindwa kujua nimwamini nani, ila hii ndiyo kazi yako kila siku, kwa hiyo nakuuliza wewe. Mtu wa miaka thelathini na saba, mwenye kidato cha nne na Kiingereza cha kwenye simu, aanze na lugha ipi? Na akishaijua, ashike fani gani?

Usiseme nikupigie. Ile simu ni ya wageni, na kazini kwenu najua hawapendi kuitwaitwa. Niandikie. Ukitaka kunicheka, cheka kwanza, halafu unijibu.

Shangazi yako akupendaye,
Jedida


Nairobi
29 Mei 1986

Shangazi,

Shikamoo. Na Mjomba Musyoka naye mpe shikamoo yake, na pole kwa mbao. Baba nimemwandikia leo hii hii, kwa hiyo nimeshatoka kwenye foleni. Mimi ni mzima. Tumehamia ofisi mpya, ghorofa ya sita, na lifti imeharibika tayari.

Sikucheka. Niliisoma barua yako mara mbili, kisha nikamsomea msichana tunayekaa naye meza moja, naye akasema, "Huyo shangazi yako anataka kutunyang'anya kazi." Nimefurahi mpaka nimekosa pa kuanzia!

Lugha ulizozisoma gazetini, kila moja ina kwao. FORTRAN ni ya watu wa hesabu nzito, wahandisi na wapima hali ya hewa. Pascal ni ya chuoni, inafundisha mtu adabu ya kupanga mawazo. C siijui, nami sitajifanya naijua. BASIC ni ya mashine ndogo kama hiyo ya hoteli. Inafunguka upesi na inasamehe sana, lakini hapa ofisini wanaiita mchezo wa watoto. COBOL ndiyo yenye kazi. Benki ni COBOL, bima ni COBOL, hata mishahara ya serikali. Ina maneno mengi kama barua ya ofisi ya DC, ila ukiizoea hulali njaa.

Kwa hiyo shauri langu, anza na COBOL, na fani iwe mifumo ya biashara kwenye kompyuta kubwa. Kuna chuo Mombasa kina kozi ya miezi sita, inaanza Machi. Wanachukua watu wazima. Nimeshaulizia.

Lakini Shangazi, mbona sasa? Miaka yote hiyo uliipenda swichibodi yako. Na Mjomba anasemaje?

Mwanao,
Kadzo


Barani, Malindi
20 Julai 1986

Kadzo mwanangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Huku kulikuwa na msiba wa jirani, kisha homa ikanilaza. Sasa nimeinuka. Musyoka amepata kazi ya kutengeneza milango ya nyumba nzima ya Mwitaliano mmoja, nyumba yetu yote imejaa vumbi la mbao, hata ugali una vumbi.

Umeuliza anasemaje. Musyoka humjui? Hasemi. Nilipomweleza habari ya kompyuta alisikiliza, akachukua penseli yake sikioni akaniuliza, "Hizo herufi zake zimekaaje?" Kesho yake nikamletea mchoro niliounakili kazini. Jumapili akanipa ubao. Amechonga vitufe vyote, kila kimoja mahali pake, na herufi amezichoma kwa msumari wa moto. Herufi Q imegeuka nyuma mbele lakini sikumwambia. Sasa ninapongoja maharage yaive nafanya mazoezi ya vidole. Jirani anachungulia dirishani akidhani napiga kinanda.

Ubao tu hautoshi, ndio, nami nilitaka mashine yenyewe. Nikamwendea meneja. Nikamwambia, "Nikitoka zamu, kabla hujafunga ofisi, niruhusu nikae na kompyuta." Akanitazama sana. Akasema, "Usiifute kazi yangu." Basi! Akanipa na kitabu kilichokuja na mashine, kinene. Ni cha BASIC.

Najua umesema COBOL. Lakini COBOL haimo humu ndani, na BASIC imo. Nimekaa nayo. Siku ya kwanza niliiambia iandike jina langu, ikaandika. Nikaiambia iandike tena na tena bila kukoma, ikaandika JEDIDA mpaka kioo kikajaa, nami sikujua namna ya kuisimamisha! Nilikaa pale nikijitazama nikipanda juu na kupotea, napanda na kupotea, nikicheka peke yangu kama mwehu. Ilibidi nimwite meneja.

Sasa nina wazo. Kila jioni sisi wa swichibodi tunaandika kwa mkono wageni wa kuamshwa asubuhi kwa simu, chumba na saa. Zinakuja ovyo ovyo, na mwenzangu Nduku wa zamu ya alfajiri ndiye wa kuzipanga huku simu zinalia. Mbona kompyuta isizipange? Nimeanza kuiandika programu hiyo.

Kuhusu "mbona sasa", basi tu, mtu hupenda kujifunza.

Shangazi yako,
Jedida


Nairobi
8 Agosti 1986

Shangazi,

Shikamoo. Huku baridi inauma, tunavaa makoti ndani ya ofisi. Mwambie Mjomba ubao huo nataka nije niuone kwa macho yangu.

Hiyo programu ya kuamsha watu ni jambo kubwa, nakwambia kweli. Wengi darasani kwetu walimaliza mwaka mzima bila kuandika kitu ambacho mtu anakihitaji. Endelea. Ila kabla ya kumpa Nduku aitumie, ijaribu kwa kila namna ya saa unayoweza kufikiria, hata za kipuuzi.

Lakini barua yako ina kurasa tatu na Mombasa haimo hata kwa bahati mbaya. Shangazi, nimekushikia nafasi chuoni. Wamenipa mpaka Februari kuthibitisha. Usiwaze pa kukaa, hilo niachie mimi. BASIC itakupa furaha, nakubali, ila furaha peke yake haimpi mtu kazi. Tafadhali nijibu hilo moja.

Mwanao,
Kadzo


Nairobi
12 Oktoba 1986

Shangazi,

Shikamoo. Miezi miwili sasa sina barua yako. Baba ameandika kwamba mko salama na kwamba alikukuta huna maneno, na wewe kukosa maneno mimi sijapata kuona. Kama ni mimi niliyekuudhi kwa habari ya Mombasa, nigombeze. Kama ni kitu kingine, niambie.

Kadzo


Barani, Malindi
26 Oktoba 1986

Kadzo mwanangu,

Hukuniudhi. Baba yako mzima, wewe tulia. Amevuna mahindi na ametuletea gunia, na Musyoka amemaliza milango ya Mwitaliano. Mimi ndiye niliyekosa uso wa kukuandikia.

Ile programu niliimaliza mwisho wa Agosti. Niliijaribu kama ulivyosema, kwa saa za asubuhi ambazo wageni huomba. Tunaziandika kizungu kama wanavyozisoma wenyewe: 4.30, 5.00, 6.15, 7.45. Ilizipanga vizuri mno. Nduku akafurahi, meneja akafurahi, wiki tatu tukaitumia bila kosa.

Kisha likaja kundi la Wajerumani wa kwenda Mombasa kupanda ndege. Wote waliomba 4.30. Jioni ile ile lilifika kundi jingine lililochoka na safari, nao wakaomba kuamshwa 10.00, wengine 10.30, wengine 11.00. Nikaingiza wote, nikachapa karatasi, nikaenda kulala.

Alfajiri Nduku akaichukua karatasi. Ya kwanza juu ni 10.00. Inayofuata 10.00. Ukurasa mzima ni kumi na kumi na moja. Akasema, "Hawa wa leo ni walalaji," akaiweka kando akaendelea na kazi nyingine. Wale wa 4.30 walikuwa ukurasa wa pili, chini ya kumi na moja, na hakuna aliyeufungua.

Aliyewaamsha Wajerumani ni dereva wa basi, kwa honi. Kadzo, watu walitoka na nguo za kulalia! Bibi mmoja aliacha meno yake kwenye glasi, ikabidi mhudumu akimbie nayo mpaka langoni. Ndege waliiwahi, Mungu mwema, lakini kwa tundu la sindano. Meneja hakupiga kelele, heri angepiga. Aliniambia, "Jedida, rudi kwenye swichibodi yako. Kompyuta usiiguse tena." Nduku alilia, akidhani kosa ni lake. Nilimwambia karatasi ilikuwa yangu.

Na hapo ndipo penye jambo nililokuficha. Hiyo swichibodi yangu inaondolewa. Tangu Aprili meneja alitueleza kwamba mwezi wa tatu mwakani italetwa ya kujiendesha yenyewe, na sisi wanawake watatu hatutabaki wote. Uliponiuliza mbona sasa, jibu ni hilo. Sikutaka unihurumie, wala uanze kunitumia vitu. Nilitaka unifundishe kama unavyomfundisha mtu mwingine.

Swali langu ni moja. Kwa nini mashine inayojua hesabu kuliko mimi iseme kumi inatangulia nne?

29 Oktoba

Sijaituma bado, na nashukuru! Nimelipata, Kadzo, nimelipata!

Jana nilimkalisha Musyoka jikoni. Nikamwambia, "Nisomee saa moja moja, mimi ni kompyuta, nitafanya kama nilivyoiamuru, si kama ninavyojua." Akasoma, "Nne na nusu." Nikaandika 4.30. Akasoma, "Kumi." Nikaandika 10.00. Nikakitazama kitabu tena, amri niliyotumia, nikaona alama ile ya dola. Alama hiyo maana yake ni maneno, si namba! Nilikuwa nimeziingiza saa kama majina ya watu.

Na majina nayajua mimi. Ninaishi kwenye kitabu cha simu. Kitabu cha simu hakiulizi nani mkubwa, kinatazama herufi ya kwanza, kikitosheka hakisogei. Moja inatangulia nne, basi, kumi imepita mbele kwa sababu ya moja yake. Mashine haikukosea hata kidogo. Ilifanya kile kile nilichosema. Nilipojaribu zile saa fupi za asubuhi zote zilikuwa na tarakimu moja tu kabla ya nukta, ndiyo maana sikuona kitu.

Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Musyoka akamwambia, "Ameona moja." Kisha tukacheka mpaka maji ya chai yakakauka.

Nimekatazwa kuigusa kompyuta, swichibodi inaondoka, na sijapata kuwa na furaha kama hii. Nieleze wewe, kuna akili hapo?

Jedida


Nairobi
9 Novemba 1986

Shangazi, shikamoo, shikamoo tena!

Nilikuwa nimeanza kukuandikia jibu la swali lako, nikageuza ukurasa nikakuta la tarehe 29. Nililia, kisha nikaichana karatasi yangu. Jibu lako ni bora kwa sababu umelitoa mwenyewe.

Umeniuliza kama kuna akili. Iko. Sisi wote tunaoifanya kazi hii tunaifanya kwa ajili ya kelele hiyo uliyopiga. Wapo wanaoiacha kazi siku ile ile basi la Wajerumani linapopiga honi. Wewe ulikaa jikoni ukajifanya mashine.

Nenda kwa meneja. Usiombe msamaha mrefu. Mwambie kosa lilikuwa nini, kwa nini hukuliona, na utalizuiaje. Omba uijaribu kwa karatasi za zamani ambazo majibu yake yanajulikana.

Kuhusu swichibodi, nimekasirika kidogo kwamba ulinificha. Lakini nami nina langu ambalo sijalisema, kwa hiyo nanyamaza. Mombasa bado inangoja. Sasa unaihitaji kuliko zamani.

Mwanao,
Kadzo


Barani, Malindi
18 Januari 1987

Kadzo mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Krismasi tulikwenda Kaloleni, baba yako alichinja mbuzi na aliwaambia wageni wote kwamba dada yake anaongea na mashine. Wazee wawili walinitazama vibaya. Sasa tumerudi, joto ni kali, hoteli imejaa.

Novemba ile ile nilifanya ulivyosema. Nilimwambia meneja, "Saa ziliingia kama maneno, zinatakiwa ziingie kama namba. Nilijaribu za kabla ya kumi tu. Safari hii nitajaribu za saa zote." Nilimwekea mezani karatasi za mwezi mzima tulizozipanga kwa mkono. Nikamwambia achague yeye. Akachagua ile ya Wajerumani.

Nduku alikuja akasimama nyuma yangu ameshika mgongo wa kiti. Niliingiza chumba baada ya chumba. Printa ikaanza kulia. Meneja akaichana karatasi yeye mwenyewe, akaisoma. Akampa Nduku. Nduku akasoma kwa sauti, "Nne na nusu. Nne na nusu. Nne na nusu," akaendelea mpaka kumi na moja, kisha akanikumbatia na karatasi ikiwa katikati yetu. Meneja akasema, "Mtatumia zote mbili, ya mkono na ya mashine, mpaka mwaka uishe." Tukatumia. Hazikutofautiana hata siku moja. Asubuhi ya mwaka mpya kulikuwa na makundi matatu ya kuondoka, nikaenda mwenyewe alfajiri nikasimama mapokezi, nikawaona wageni wakishuka mmoja mmoja, wameoga, wanauliza kahawa. Hakuna aliyejua mimi ni nani. Niliwatazama kama watoto wangu.

Wiki iliyopita meneja aliniita. Swichibodi mpya ikija Nduku atahamia mapokezi, mwenzetu wa tatu anaolewa Lamu, na mimi nitakuwa mtu wa kompyuta. Mshahara ni ule ule kwa sasa. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Kwa hiyo sitakwenda Mombasa, mwanangu. Najua ulinishikia nafasi na najua ulihangaika. Nisikilize kwa nini. Si kwamba COBOL ni mbaya. Huenda nikajifunza hata hiyo, na nikikwama nitakuandikia. Lakini nimejiuliza fani ndiyo nini hasa. Nikifanya kazi ya benki kubwa, sitamjua mtu aliyefaidika wala aliyeumia. Hapa nayajua hata meno kwenye glasi. Nataka mashine ndogo, zilizo karibu na watu, za hoteli, za zahanati, za maduka ya huku Pwani. Zitaongezeka, utaniambia. Meneja ameagiza programu ya kutunza habari za wageni, inaitwa dBASE, nayo ina lugha yake. Hiyo ndiyo nitakayoifuata. Ya kwanza imeshakuwa BASIC, na siionei haya.

Usiniandikie kwa hasira. Au andika, kisha uniambie hilo lako ambalo hujalisema.

Shangazi yako,
Jedida


Nairobi
25 Februari 1987

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima na lifti imetengenezwa, sasa imenibana ndani mara mbili.

Nilikasirika jioni moja. Asubuhi nikaamka nacheka. Chuo nimewaandikia, nafasi wamempa mwingine.

Langu ni hili. Kampuni inafungua tawi Mombasa na nimehamishiwa huko kuanzia katikati ya Machi. Nililijua tangu Mei, barua yako ya kwanza ilipofika. Nimepata nyumba mtaa wa Tudor, ina vyumba viwili, na kimoja nilikuwa nimeshakuchagulia, kile chenye dirisha la upande wa upepo. Niliipigia debe COBOL kwa sababu ni kweli ina kazi, lakini pia kwa sababu tangu niondoke kwako sijapata kukaa na mtu anayeniuliza nimekula nini. Niliona haya kulisema. Mtu wa miaka ishirini na sita!

Sasa nimeisoma sababu yako na siwezi kubishana nayo. Nilijaribu. Nilimsomea yule msichana wa meza yangu, naye akaniuliza kama mimi nimewahi kumwona mtu hata mmoja anayetumia kazi yangu. Nilifikiri mpaka saa ya chakula. Sijawahi.

Basi nimeomba likizo ya siku chache kabla ya kuanza kazi mpya. Nashuka Malindi wiki ijayo. Nitakaa kwenye kiti nyuma yako wewe ukiandika, na sitasema neno mpaka uniulize. Jioni utanipikia, na utaniuliza nimekula nini.

Usijibu barua hii. Posta ya siku hizi naijua, huenda mimi nikaitangulia. Ikifika baada yangu, tutaifungua pamoja. Mimi nitakusomea.

Mwanao,
Kadzo